Usijifanye Wakili wa Bara Zima

Wajukuu zangu, sikuja kuwakataza kuzungumza na wageni. Kisiwa hiki cha Unguja hakijapata kukaa bila ya wageni. Majahazi ya kaskazi yalituletea watu wa Omani, wa Hadhramaut na wa Bara Hindi, na wengi wetu tukiulizana nasaba hatufiki mbali kabla ya kuwakuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja Wajerumani wa Mashariki, wakasaidia kujenga zile nyumba za Kikwajuni, nasi tukawazoea. Mgeni wenu ninyi yumo ndani ya simu. Yeye anajifunza Kiswahili, ninyi mnataka Kijerumani au Kiingereza. Mnaanza na majina ya matunda, na mwezi haujesha mmeshafika kwenye dini, ndoa, siasa na wazee. Hapo kwenye wazee na mimi nimo, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Neno langu ni moja: jibu kwa yale unayoyajua wewe, usijibu kwa niaba ya watu wote.

Mfano ninao, maana mmenisomea wenyewe. Mjerumani anauliza: kwenu wazee wanaishi vipi? Jibu linatoka mbio. "Sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu. Ninyi mnawapeleka kwenye majumba, mnawasahau." Inafuata picha yangu nimekaa barazani na ukili mkononi, ndiyo ushahidi. Mjerumani wa watu anaona haya, anaomba radhi kwa niaba ya nchi yake nzima, na kijana wetu analala na furaha ya mshindi.

Hebu tuutazame ushindi huo. Hapa hapa Unguja pana makao ya wazee Sebleni na Welezo, na wanaokaa humo si Wajerumani. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kutoa pensheni jamii kwa aliyefikia miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wakati ule. Ni jambo jema na nimelipokea kwa shukrani. Lakini linatuambia pia kwamba mapenzi ya watoto peke yake hayakutosha. Wapo wazee mwezi unaingia na unatoka, simu yao haijalia. Huyo aliyejisifu kwa Mjerumani, aliniuliza lini mara ya mwisho kama dawa ya presha ninayo?

Sasa tuwatazame wao. Tangu mwaka 1995 Wajerumani wana bima ya utunzaji. Mfanyakazi anakatwa katika mshahara, mwajiri naye anachangia, na mtu akidhoofika bima husaidia kulipia anayemhudumia. Wengi wanaohudumiwa hivyo wako majumbani mwao, hawako kwenye makao ya wazee, na sehemu kubwa ya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha hufanywa na mke, mume, binti au mtoto wa kiume. Zaidi ya hayo, sheria yao inamtaka mtoto achangie gharama za mzazi asiyejiweza. Tangu 2020 anayedaiwa ni yule ambaye kipato chake kinapita euro 100,000 kwa mwaka. Kwetu mtoto asiyetuma kitu husemwa msibani. Kwao anaweza kuandikiwa barua na serikali.

Sisemi kwamba kwao ni peponi. Makao ya wazee wanayo na upweke wanao. Ninalosema ni kwamba pale palikuwa na mazungumzo mazuri kweli, yakauawa kwa sentensi moja iliyoanza na "sisi Waafrika". Fikiri kama kijana angejibu hivi: "Bibi yangu anakaa na shangazi yangu. Mimi niko Dar, namtumia pesa nikipata. Shangazi anasema amechoka, na hakuna anayempokea zamu. Bibi yako wewe anakaa na nani?" Jibu hilo ni dogo na ni la kweli, na linamwachia mwenzako nafasi ya kusema ya kwao. Huenda angesema kwamba mama yake ameacha kazi nusu siku ili amhudumie nyanya yake. Huenda pia angesema kwamba hawajaonana mwaka mzima. Kwa vyovyote mngekuwa mmejifunza kitu, kila mmoja kwa mwenzake.

Maradhi haya ya kutetea hayakuanza na simu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Akaondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Alikuwa msichana hodari: zama zile wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu, kuandika akajifundisha mwenyewe kwa siri. Aliona kwamba Wazungu wanaamini mengi ya upuuzi kuhusu wanawake wa Unguja, akayasahihisha. Alipoeleza malezi, chakula, sikukuu na mambo ya ndani ya nyumba, alieleza aliyoyaishi, na mpaka leo tunanufaika. Alipofika kwenye utumwa akavaa joho la wakili. Akawataka wasomaji wake wasiufananishe utumwa wa huku na ule wa Amerika, kana kwamba hilo linatosha kuusafisha. Alikuwa binti wa mwenye watumwa. Mtumwa mwenyewe hakupewa ukurasa aseme lake.

Nanyi mtaulizwa hayo hayo. Mtaulizwa utumwa, Mapinduzi, Muungano. Kuhusu Mapinduzi, nyumba mbili zinazotazamana katika kichochoro kimoja zina simulizi mbili, na zote mbili zina makaburi. Mwambie mgeni wako: nyumbani kwetu husimuliwa hivi, na jirani zetu husimulia vingine. Usimpe simulizi moja ukaiita historia ya Zanzibar, wala usikubali akufundishe historia yako kwa makala aliyoisoma jana. Msikilize, uliza ameipata wapi, kisha nenda kaulize waliokuwapo wakati bado wako hai.

Kuna kundi jingine, nalo linanitia huzuni zaidi. Ni wale wanaoona haya. Akiulizwa kuhusu kwao anacheka kwanza, kisha anakubali kila ubaya anaotajiwa, ili aonekane amefunguka macho. "Kwetu wanawake hawana sauti," anaandika, naye ada ya skuli amelipiwa na mama aliyekuwa akiamka alfajiri kukaanga vitumbua. Huyu naye ni wakili, ila amehamia upande wa mashtaka. Mabaya yapo kwetu na si dhambi kuyasema. Kama dada yako aliachishwa skuli akaolewa mapema, na yeye mwenyewe ameridhia usimulie, simulia. Lakini simulia la dada yako, usiwaingize wanawake wote wa pwani katika sentensi moja. Mgeni atakusifu kwa kujikana kwako, na sifa hizo ni tamu. Jihadhari nazo, maana ukishazizoea utaanza kumtafutia mabaya mapya ya kumfurahisha.

Katika adabu, msipimane kwa kipimo cha nyumbani. Mjerumani mara nyingi huingia kwenye jambo bila ya salamu ndefu. Hajakudharau, kwao kutokupotezea muda ni heshima. Atakwambia waziwazi kwamba hakubaliani nawe, na kesho atakuandikia kama kawaida, kwa sababu amekataa hoja yako na wewe hakukukataa. Wewe uliyelelewa kuzunguka kwanza kabla ya kukataa utaona umetukanwa. Usikasirike, mweleze. Mweleze pia kwamba ukinyamaza hujakubali, huenda unatafuta njia ya kusema bila ya kumuumiza. Mshahara wake usimuulize mapema, ni jambo wanaloficha hata kwa marafiki. Na akikwambia kwamba hana dini, usimlaani wala usitetemeke. Katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki watu wa namna hiyo ndio wengi, na wale waliokuja kutusaidia Kikwajuni walitoka huko. Muulize anafundishaje watoto wake mema na mabaya, na wewe mweleze unavyofundishwa. Imani inayoyumba kwa ujumbe mmoja wa simu inahitaji darsa, haihitaji ugomvi.

Jueni vilevile kwamba kila swali lina mwenyewe, na mwenyewe ana haja yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Aliyoyaandika kuhusu mila za watu wa pwani yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na leo ni hazina kwetu: kuzaliwa, kulea, ngoma, harusi, mazishi, vyote vimo. Lakini Wajerumani waliomuuliza walikuwa wametawala nchi yake, na chuo alichofundisha kiliwaandaa maofisa wa kwenda kuitawala. Mwaka 1905 aliporudi kwao na mke wake Mjerumani, watawala hao waliwazuia wasishuke melini pamoja. Ikambidi arejee Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Habari za watu wake walizitaka sana. Yeye mwenyewe kusimama mbele yao kama mume wa binti yao, hapo wakachukia.

Kwa hivyo ulizeni: unataka kujua haya kwa ajili gani, na majibu yangu utayapeleka wapi? Yuko anayetafuta rafiki. Yuko anayeandika utafiti. Yuko anayekusanya visa vya kutengenezea video za kuchekesha watu wa kwao. Mwenye nia njema haudhiki kwa swali hilo, na mwenye nia mbaya atakuonyesha sura yake papo hapo. Kisha tofautisheni lililo lenu na lisilo lenu. Maoni yako ni yako, mgawie. Mambo ya unyago, maradhi ya shangazi, ugomvi wa ndoa ya kaka yako, hayo yana wenyewe. Hata ile picha yangu ya barazani ina mwenyewe, na hakuombwa ruhusa.

Nimebakisha matapeli, nao sitawapamba kwa maneno. Siku mazungumzo yatakapohama kutoka unafikiri nini kwenda una nini, simama. Zawadi imekwama forodhani, tuma ushuru. Kuna biashara ya sarafu za mtandaoni, weka kidogo uone faida. Nakupenda, nitumie picha bila ya nguo. Aliyekuja kubadilishana mawazo hana haja ya namba yako ya siri, wala kitambulisho chako, wala mwili wako. Ukishanaswa, usilipe, kwa sababu malipo ya kwanza huzaa ya pili. Usifute ujumbe, huo ndio ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mwende polisi. Tutakugombeza baadaye, si siku hiyo.

Na ninyi msiwe matapeli. Nimesikia vijana wanaomzulia ugonjwa mama yao mzima wa afya ili Mzungu atume pesa. Huyo ameuza jina la mama yake na majina ya vijana wote watakaozungumza na mgeni yule baada yake. Matusi nayo myaache, hata mkichokozwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyataja matusi ya kibaguzi kuwa ni kosa, na haikusema kwamba Mzungu hatukaniki. Mazungumzo yakichacha, mwambie kwa upole kwamba hapa tumefika, usiku mwema. Kuondoka si kushindwa.

Basi kabla hujambonyezea mgeni jibu, lipekue. Kipi umekiona kwa macho yako? Kipi umekisikia, na kwa nani? Kipi umekidhania tu kwa sababu kinapendeza kusemwa? Cha kwanza kiseme bila ya woga. Cha pili kiseme na umtaje aliyekwambia. Cha tatu kiache. Utashangaa jinsi jibu litakavyokuwa fupi, na jinsi mwenzako atakavyoanza kukuamini. Muombe na yeye afanye hivyo hivyo. Akikwambia "sisi Wajerumani", muulize yeye na nani.

Kuuliza si ujinga, na kusema hujui si aibu. Mwambie akupe siku mbili ukaulize. Kisha njooni mniulize kweli, na mkija msisahau dawa ya presha.