Ujasiri wa Baba ni Mali ya Nani?



Mama mmoja alinijia baada ya Misa, moyo mzito. Mumewe na rafiki yake wamepiga kafi katika mto Tana, pande za Sagana, kwa zaidi ya miaka kumi. Chombo chao ni kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, nao hupita kati ya mawe mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kuchota maji. Sasa wanataka kununua mitumbwi ya mpira, kofia ngumu na majaketi ya kuokolea, wawe wakiwaongoza wageni mtoni kwa malipo. Hati ya shamba ndiyo itakayowekwa benki. Mama hakuulizwa, aliambiwa tu. Alipolalamika akajibiwa, "Mama watoto, mto huu naujua kuliko wewe."

Ni kweli anaujua. Lakini je, kuujua mto kunampa haki hiyo?

Wengi watasema upesi: aache mchezo, ana watoto. Mimi sisemi hivyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ushujaa hutawala woga, na pia hutawala uthubutu uliopita kiasi. Mvuvi, mchimba visima na dereva wa matatu wote hukabili hatari ili watoto wale (huyu wa mwisho mara nyingine kupita inavyohitajika!). Katekisimu ya 1992 inawalaumu wanaohatarisha maisha yao na ya wengine kwa kupenda mwendo wa kasi. Kazi ya hatari inayofanywa kwa busara ni jambo jingine.

Basi nikamfuata yule bwana mtoni, nikamwomba anieleze kazi ya kiongozi. Uso ukamng'aa. Alisema maji ya kasi hupangwa kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 6, na kwamba mvua ya Aprili huweza kuufanya mto uliouzoea kuwa mgeni kwako. Mtu akiwa peke yake huweza kulijaribu poromoko kwa kujiamini. Mwenye wageni hushuka kwanza, akalitazama kutoka ukingoni, na asiporidhika, mtumbwi hubebwa nchi kavu hadi ng'ambo ya poromoko. Tena kila mgeni huelezwa hatari kabla ya kuingia majini, na asiyetaka huachwa ukingoni kwa heshima.

"Na mama watoto," nikamwuliza, "yeye ulimweleza lini?"

Akanyamaza, akawa anafungua na kufunga mkanda wa jaketi lake.

Mgeni ambaye hata jina lake atalisahau kesho anapewa nafasi ya kukataa. Yule aliyemwahidi altareni kuwa naye katika taabu na raha amekwisha tiwa mtumbwini. Hata serikali imeliona hili: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yadai ridhaa ya wote wawili kabla mali ya ndoa haijauzwa wala kuwekwa rehani. Na ujuzi wa maji si ujuzi wa mkopo. Kule Jinja, Uganda, bwawa la umeme la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilifunika maporomoko waliyokuwa wakipitisha wageni. Waongozaji hodari kabisa ikawabidi kuhama na kwenda chini zaidi ya mto Nile.

Mama naye nilimwuliza anaogopa nini hasa. Nilidhani atasema maji. La, alisema mnada. Nyumbani kwao aliwahi kuona ng'ombe wakichukuliwa. Katika miezi yote ya kununa, neno hilo hakuwahi kumwambia mumewe, na hapo nilimlaumu pia. Mume atajibuje hofu asiyoijua?

Walikaa jikoni jioni tatu, na daftari. Sasa wanafikiria kuanza na mtumbwi mmoja kwa akiba ya chama, bila hati. Mama bado hajakubali. Ameomba kwanza apelekwe mtoni auone mwenyewe, mvua zikiwa zimepungua.