Mikono ya Ikombe

Muulize mzazi yeyote angependa mwanawe awe nani, atakujibu haraka: daktari, mwalimu, mhasibu. Ni majibu mema. Lakini Mungu hakumuumba kila mtoto kwa ajili ya kalamu.

Watazame akina mama wa Kikisi wa Ikombe, jirani na Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Udongo unapondwa, unakandwa kwa maji, kisha vidole vinausukuma ukuta wa chungu kutoka ndani huku kiganja cha pili kikiuzuia kwa nje. Hakuna mashine wala rula, na bado mdomo wa chungu unatoka mviringo kamili. Binti hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama au bibi yake, anakosea, anaukanda udongo upya. Vyungu hivyo husafiri kwa mitumbwi hadi sokoni Lyulilo, na vingine hufika Mbeya mjini.

Kipaji hutoka kwa Mungu, ndiyo, ila ustadi ule umeletwa na miaka ya kurudiarudia. Hapo ndipo tunapowaangusha watoto wetu: tunakisifu kipaji, halafu hatukipi muda, zana wala mwalimu. Kijana akiifungua redio mbovu na kuifanya iongee tena, tunamwita mtundu na kumfokea!

Ndugu msomaji, wiki hii mwangalie mwanao anachokifanya bila kutumwa. Ukishakijua, mtafutie fundi wa kumfundisha.