RAMADHANI 14: Deni la baba



Tumo ndani ya kumi la maghfira, na kila usiku tunainua mikono kuomba msamaha wa makosa yetu. Leo nataka tufikiri jambo gumu zaidi: kosa alilofanya baba, mtoto alifanyie nini? Tuwatazame Wajerumani, maana wao swali hili limewakaa shingoni miaka 80 sasa.

Vita vilipokwisha Mei 1945, wengi wao walijiona wao ndio walioonewa. Na kweli walikuwa na vilio: miji imebomolewa kwa mabomu, mamilioni wamefukuzwa makwao mashariki, vijana wao ni mateka wa Warusi. Habari ya Wayahudi milioni 6 waliouawa haikuguswa mezani. Ukiuliza, jibu ni lile tunalolijua sote: sisi hatukujua, ni Hitler na watu wake.

Desemba 1970 Willy Brandt, mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, alikwenda Warsaw akapiga magoti mbele ya mnara wa Wayahudi waliopigana na Wanazi mjini humo. Yeye mwenyewe hakuwa na damu mikononi, alimkimbia Hitler tangu 1933. Jarida la Der Spiegel likawauliza watu kwao: asilimia 48 wakasema amezidisha, 41 tu wakaona ni sawa. Miaka 25 ilikuwa imepita, na bado!

Halafu Mei 8, 1985, Rais Richard von Weizsäcker akasimama bungeni akasema siku ile waliyozoea kuiita ya kushindwa ilikuwa siku ya kukombolewa na dhulma ya Wanazi. Sasa tazameni anayesema ni nani. Alipigana katika jeshi lile lile. Baba yake alikuwa afisa mkubwa wa mambo ya nje chini ya Hitler, akahukumiwa Nuremberg mwaka 1949, na kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliomtetea mahakamani. Hapo mimi humwonea huruma. Suratun-Nisaa inatutaka tusimamie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Tunaisoma kwa sauti nzuri kabisa. Nani kati yetu ameiweza? Yeye taifa aliliambia ukweli. Kwa baba yake mzazi, nionavyo mimi, ulimi ulimwia mzito.

Alisema pia kwamba hatia ni ya mtu mmoja mmoja, lakini yaliyopita ni lazima wote wayapokee, waliokuwepo na waliozaliwa baadaye. Wengine huona maneno haya yanapingana. Sisi yasitushangaze. Tunafundishwa kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, na papo hapo tunafundishwa kuwa deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Mtoto hana dhambi ya deni lile. Ila hawezi kuchukua nyumba halafu akasema deni silijui. (Wangapi tunalima shamba ambalo babu alimdhulumu nduguye, na tukiulizwa tunasema hayo ni ya wazee?)

Wajerumani wa leo wamekua wakifundishwa haya shuleni, na tangu 2005 kumbukumbu kubwa ya Wayahudi waliouawa iko katikati ya Berlin. Hatari yake ni kwamba hata toba inaweza kuingiwa na riya. Wapo kwao wanaojivunia jinsi walivyotubu, kumbe daftari la madeni limesomwa ukurasa mmoja tu.

Ukurasa mwingine uko kwetu. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula. Wanahistoria wengi hukadiria waliokufa kuwa kati ya 200,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Njaa yetu sisi tunajua itakwisha magharibi.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha, akaahidi kuzipeleka habari hizi kwao ili zijulikane. Kuna atakayesema ni maneno matupu, na malipo kweli siyo. Lakini aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Wajukuu wa mzee huyo walikuwepo wakimsikiliza.

Tukutane kesho in shaa Allah. Msitusahau katika dua wakati wa kufuturu.