Vidole Viwili, Vidole Vitatu

Gari lilikuwa Datsun 240Z, rangi ya chungwa iliyochujuka, pua ndefu kuliko mahali tulipokuwa na nafasi ya kuliegesha. Lilifika Gatina likivutwa kwa kamba na pikapu, asubuhi ya matope, na kabla halijasimama watoto wa ploti walikuwa wamelizunguka. Mzee, fundi wa bodi niliyekuwa nikifanya kazi chini yake, hakushughulika na pua. Alichutama kando ya gurudumu la mbele, akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi. Upande wa kushoto viliingia viwili. Akazunguka kulia. Viliingia vitatu.

"Hili limelala," akasema.

Mwenye gari akacheka. "Ndiyo maana nimekuletea, mzee. Inua hiyo ya kushoto kidogo, zilingane. Kuna mtu anakuja kuliona wiki ijayo."

Swali lililonikaa kichwani tangu siku hiyo ni hili: ukiombwa uvifanye vitu viwili vilingane, je, unadaiwa kwanza ujue kwa nini havilingani?

Kwanza nieleze kwa nini gari hilo lilitufanya tuoshe mikono kabla ya kuligusa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiendesha 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kwa sisi tuliozaliwa baadaye hizo ni hadithi za wazee, lakini ni hadithi zetu: gari la michezo kutoka Japani lililojulikana duniani kwa kula vumbi na matope ya huku kwetu. Mwenye gari alijua hivyo. Bei aliyotaja ilikuwa na hadithi ndani yake.

Mzee hakugusa nyundo. Alisema mwanya wa madigadi ni kama kukohoa: unaweza kuwa vumbi tu, unaweza kuwa mapafu. Basi tukaanza kupima. Gatina hakuna ardhi iliyonyooka, kwa hivyo tuliazima mpira wa maji kwa mafundi wa ujenzi, tukatafuta usawa, tukaweka vipande vya mbao chini ya magurudumu hadi yote manne yakasimama kimo kimoja. Tukabadilisha matairi, la kushoto likaenda kulia. Kama kosa lingekuwa la tairi au rimu, mwanya ungehama nalo. Haukuhama. Tukaliinua mbele kwa jeki, katikati, tuone kama ulalo unatoka kwenye springi za nyuma. Hapana.

Halafu akatoa timazi. Tulishusha uzi kutoka sehemu nne chini ya gari, mbele na nyuma, kila uzi ulipogusa tukaweka alama ya chaki, kisha tukalisukuma gari pembeni. Ukipima kwa kamba kutoka alama ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, na ile nyingine inayokatiza, kamba mbili zinapaswa kutoshana. Zilipishana kwa sentimita mbili. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mzee akakwangua rangi ndani ya boneti upande wa kushoto, na chini ya rangi kulikuwa na fila, na chini ya fila bati lililokunjwa kama karatasi. Liliwahi kugongwa. Mtu alilinyoosha usoni, akaliacha mgongoni.

Mzee aliandika vipimo kwenye kipande cha boksi na kumwonyesha mwenyewe. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Sawa, lakini nani atapiga magoti?"

Nataka kumtendea haki mtu huyu, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hakuna gari lililonyooka kabisa. Ni kweli. Bodi za miaka ile zilitoka kiwandani zikiwa na tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia. Dereva mzito akikaa, upande wake unashuka. Alisema pia kwamba gari ni lake, pesa ni zake, na fundi ni mkono wa mwenye kazi. Tena, alisema, mnunuzi ni mtu mzima, ana macho.

Aristotle aliwahi kueleza haki kwa mfano wa wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, waliotumia rula ya risasi. Chuma hakipindi, lakini risasi hulifuata umbo la jiwe. Alitaka kusema kwamba sheria ngumu haitoshi kila mara; lazima mtu aitazame hali yenyewe. Mfano huu nausoma kama fundi. Tofauti ya kuzaliwa nayo haihitaji nyundo. Hapo kipimo ndicho kinachopinda kulifuata gari. Lakini tulichoombwa kilikuwa kinyume chake. Tuliombwa tulipinde gari ili kipimo kisiseme kitu. Mwanya ule ulikuwa shahidi pekee aliyekuwa amebaki nje, mahali ambapo mtu asiye fundi angeweza kumwona bila kupiga magoti. Kwa hivyo ile hoja ya "ana macho" ilikuwa na tundu: tulikuwa tunalipwa kuyapotosha macho hayo hayo.

Mzee alikataa. Akamwambia mwenye gari: tulivute kwa mnyororo au ulichukue.

Sasa sehemu yangu. Jumamosi Mzee alienda mazishini mashambani. Mwenye gari alirudi, na safari hii aliongea na mimi. Pesa aliyotaja ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili, na ya kwanza nilikuwa tayari nadaiwa. Nikainua mdomo wa madigadi ya kushoto kwa moto na bomba la chuma, ya kulia nikaijaza fila kidogo ishuke, nikapiga msasa, nikapulizia rangi. Jioni niliingiza vidole. Viwili na nusu kushoto, viwili na nusu kulia. Sitadanganya: nilijisikia fundi.

Safari ya 1973 ina jambo ninalolifikiria sana. Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu. Ubao ulisema wako sawa. Ilibidi kanuni irudi nyuma iitazame njia waliyopita, ndipo ushindi ukaenda kwa Mehta. Namba za mwisho zilikuwa zimelingana, na bado hazikutosha kusema lolote bila barabara iliyozileta. Mimi nilikuwa nimetengeneza namba sawa na kuifuta barabara.

Mnunuzi alikuja, kijana kama mimi. Aliniambia alikuwa ameweka akiba miaka minne. Alilizunguka gari, akachutama, akaingiza vidole kushoto, kisha kulia, akatabasamu. Alijua kipimo hicho! Akanitumia mia tano kwa M-Pesa kwa sababu nilikuwa nimeliosha. Mzee aliporudi aliona vumbi la fila sakafuni. Hakunifukuza. Kile kipande cha boksi alikitundika msumarini juu ya kabati la spana, na hakuwahi kukitaja.

Namba ya yule kijana ilibaki kwenye ule ujumbe wa M-Pesa. Mwezi uliopita, baada ya miaka miwili, nikampigia.

"Iko fiti," akasema. "Shida ni kona ya kushoto tu. Ukipiga bampu, tairi inasugua. Nikaweka matairi madogo, ikaisha."

Nikamweleza yote: timazi, sentimita mbili, bati lililokunjwa, Jumamosi yangu. Alinyamaza mpaka nikasikia makanga akiita abiria upande wake wa simu.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na saa hii nimepata mteja," akasema. "Sasa na mimi najua."

Nilikuwa nimedhani kukiri kungenipunguzia mzigo. Kulinipunguzia kweli, kwa kumpa yeye. Kusema ukweli kwa kuchelewa hivyo si sawa na kutengeneza. Ni kumwachia mwingine swali ulilolikimbia, tena akiwa amelilipia.

Nilipiga picha kile kipande cha boksi nikamtumia. Chini yake nikaandika kwamba akitaka alilete Gatina: mnyororo upo, Mzee yupo, na mkono wangu hautalipwa.

Ameisoma. Hajajibu.