Divai ya Mapovu

Ndugu zetu Waislamu, twasikia baadhi ya vijana wetu wakisema kuwa shampeni si ulevi khasa; glasi moja ya arusini haidhuru, tena zabibu ni afya. Jina halibadili hukumu. Shampeni ya Ufaransa ina kileo kadiri ya asilimia 12, na mapovu yake huweza kukiharakisha kuingia damuni. Mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walivitia vileo katika visababishavyo maradhi hayo. Na mwaka 2023 Shirika likatangaza kuwa hapana kiasi kilicho salama. Qur'ani, Suratul-Baqara aya ya 219, haikukana manufaa ya ulevi, bali yatufunza kuwa dhambi yake yashinda. Atakaye faida ya zabibu, na ale zabibu zenyewe. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.