Rahisi, Ghali na Thamani: Tuipime Vipi Simu ya Bei Nafuu?

Neno rahisi, kama lilivyotufikia kutoka Kiarabu, lilikuwa na maana ya kitu kisicho na bei kubwa. Katika Kiswahili likapewa kazi ya pili, hata jambo lisilo gumu nalo likaitwa rahisi. Neno bure nalo lina nyuso mbili: kilichotolewa pasipo malipo ni cha bure, na asiyefaa kitu ni mtu bure. Kwa hiyo lugha yenyewe, kabla hatujafungua kinywa kutoa hukumu, imekwisha kutunong'oneza kwamba kisichogharimu hakina uzito. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa silaha ya kujitetea. Thamani kwa Waarabu ni bei tu. Sisi tumeipandisha cheo, na leo twaweza kusema bila kigugumizi kwamba kitu fulani kina bei kubwa wala hakina thamani. Ni katika nafasi hiyo iliyo baina ya bei na thamani ninapotaka tusimame kidogo, ndugu zangu walimu, na kielelezo chetu kiwe kile kifaa ambacho wanafunzi wetu wanakililia na wazazi wao wanakigombania: simu janja ya bei nafuu.

Jina lake lenyewe lina kisa. Simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, nasi tunaliita kwa jina la waya jambo ambalo halina waya tena. Kuhusu janja, sijui kama waliolipendekeza neno hilo walilipima. Mwerevu ana akili. Mjanja ana akili na tena ana njama. Nitaonyesha baadaye kwamba jina hilo, pengine kwa bahati tu, limekipata kitu chenyewe barabara.

Hapa Uganda swali la thamani ya simu halikuanzia madukani, lilianzia majumbani wakati wa maradhi ya korona. Shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo wa karibu miaka miwili, mtoto ambaye nyumbani kwao palikuwa na simu janja, hata ile ya chini kabisa, aliweza kupokea mazoezi na kurudisha majibu, na kumwuliza mwalimu maana ya neno. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake alikuwa na simu ya vibonye yenye tochi, ile tunayoiita katochi na wenzetu wa Tanzania wakaiita kitochi, alisikiliza redio kama palikuwa na redio, na kama haikuwapo alikwenda shamba. Tofauti baina ya watoto hao wawili haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa shilingi laki tatu hivi. Mtu akiniambia kwamba simu ya laki tatu ni takataka, nitamwomba kwanza aeleze takataka ile iliwezaje kuwa darasa.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, alijiuliza mjenzi na mshona viatu wawezaje kubadilishana nyumba kwa viatu, maana vitu hivyo havifanani hata kidogo. Alijibu kwamba kinachovipatanisha ni haja; pasipo haja hakuna mabadilishano, na fedha imesimama tu kama wakili wa haja hiyo. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye, mwaka 1776, Adam Smith alishangaa kwamba maji, ambayo hakuna awezaye kuishi pasipo hayo, hayanunui karibu kitu, na almasi, isiyotuliza kiu ya mtu, hununua vingi. Mawazo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatuonya tusiisome haja katika kibandiko cha bei. Simu ya shilingi milioni nne haina haja mara kumi zaidi ya ile ya laki nne. Ina kioo kinachong'aa zaidi, kamera inayoona gizani, na jina ambalo likiwekwa mezani hotelini huzungumza kabla ya mwenyewe. Hayo si uongo, lakini mengi yake yanatumikia macho ya watu.

Basi nani anayeijua haja? Hapa pana jambo la kujifunza kwa wafanyabiashara. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, ambayo simu zake tunazijua kwa majina ya Tecno, Itel na Infinix, ilijenga biashara yake kwa kumwangalia mnunuzi wa Afrika. Iliona kwamba mtu wetu hubeba kadi mbili za mitandao miwili, maana kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na gharama. Ikatia nafasi mbili katika simu moja. Iliona kwamba umeme hauji kila siku. Ikatia betri kubwa. Iliona kwamba kamera nyingi zilizosanifiwa kwingineko zilimwonyesha mtu mweusi kama kivuli chenye meno, ikarekebisha kamera. Sisemi walifanya hivyo kwa mapenzi. Walitafuta faida, wakaipata. Lakini kifaa rahisi kilichomjua mtumiaji wake kina thamani kuliko kifaa ghali ambacho hakikumfikiria kabisa, na hilo ni jambo ambalo hata sisi waandishi wa vitabu vya kiada tungelitafakari.

Watu wazima watanijibu kwamba kitu rahisi huwa ghali mwisho wa safari, kwa kuwa huharibika upesi na kununuliwa tena. Usemi huo ninausikia kila mahali, na aghalabu husemwa na mwenye akiba. Hebu tuupige hesabu. Tuseme simu ya shilingi 350,000 inadumu miaka miwili. Mwezi mmoja umegharimu kama shilingi 14,600. Tuseme nyingine ya shilingi 1,400,000 inadumu miaka mitano. Mwezi umegharimu zaidi ya shilingi 23,000. Iliyo rahisi imebaki rahisi. Tena katika kituo cha teksi cha Kampala simu huweza kunyakuliwa siku ya tatu, na mwizi haangalii miaka mingapi imebaki. Mwenye kipato kidogo anayenunua kitu kidogo hakukosa busara. Amepunguza kiasi cha msiba unaoweza kumpata kwa siku moja. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Lakini si kila rahisi ni rahisi kwa namna moja, na hapa ndipo ninapoagana na wale wanaoisifu simu hiyo bila masharti.

Kwanza kuna simu ya mkopo. Mnunuzi hutoa fedha kidogo, kisha hulipa kila siku. Siku asipolipa, simu hujifunga yenyewe kwa amri itokayo mbali. Tuchukue mfano wa simu ile ile ya 350,000: malipo ya kwanza 70,000, halafu shilingi 1,200 kwa siku muda wa mwaka mmoja. Jumla ni 508,000. Nyongeza ya 158,000 inaumiza, ingawa mikopo yote ina nyongeza, na bila mkopo mama muuza ndizi asingeipata kabisa. Linalonisumbua ni jingine. Jembe la mkopo haligomi shambani. Mwenye deni anaweza kulilima hadi apate cha kulipia. Simu iliyofungwa humnyima mwenye deni chombo kile kile ambacho kingemsaidia kulipa: wateja wake wako humo, na fedha zake za simu zimo humo. Je, kitu kama hicho mtu amekinunua, au amekodi ruhusa ya kukishika? Katika sarufi tungesema kimilikishi kimetumika mahali pasipo umilikaji.

Pili kuna ujanja wenyewe niliouahidi. Mwezi wa Agosti 2020 ilitangazwa kwamba simu za bei ya chini sana zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu za wizi zilizokuwamo tangu zikiwa ndani ya boksi. Programu hizo zilimwandikisha mwenye simu kwa huduma asizoziomba na kumlia salio lake pole pole. Kampuni iliyoziuza ilimtupia lawama mwingine katika mlolongo wa utengenezaji. Mnunuzi alidhani amelipa kidogo, kumbe malipo yalikuwa yanaendelea usiku akiwa amelala. Hiyo si simu rahisi. Ni simu ambayo bei yake imefichwa.

Katika mlango huo huo liko suala la ulinzi. Simu janja huhitaji kuletewa marekebisho ya usalama mara kwa mara, na za bei ya chini aghalabu huachwa yatima mapema, huku mwenyewe akiendelea kutunzia humo namba za siri na karo ya watoto. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, umewataka watengenezaji wanaouza simu huko kuzihudumia kwa marekebisho hayo si chini ya miaka mitano baada ya kuacha kuiuza aina husika, na vipuri vikubwa vipatikane kwa miaka saba. Ni sheria njema, ila haivuki bahari. Mzungu maskini analindwa na dola lake. Mtu wetu analindwa na fundi wa kibandani, mwenye bisibisi tatu na moyo wa ukarimu, ambaye mimi humhesabu kuwa sehemu ya thamani ya simu. Simu ambayo fundi wa senta yenu hawezi kuifungua, muiogope hata kama ni ya bure.

Tena kuna gharama ambazo hazimo katika simu hata kidogo. Tangu Julai 2018 hadi Juni 2021 Serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetumia mitandao ya kijamii; kwa mwaka mzima hiyo ni shilingi 73,000, yaani sehemu ya tano ya simu yetu ya mfano, na ililipwa sawasawa na tajiri na maskini. Baadaye ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Na mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku tano hivi. Katika siku hizo simu ya milioni nne na simu ya laki tatu zililingana, na katochi ikazipita zote kwa kuwa angalau tochi yake iliwaka siku saba bila chaji.

Linabaki jambo zito, ambalo wengine hulitaja upesi ili walimalize. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu akitoka Kisoro akafika Bunagana, amefika mpaka wa Kongo, na ng'ambo ile, katika Kivu ya Kaskazini, yako machimbo ya Rubaya yanayotoa koltani, jiwe linalozaa tantali itumikayo ndani ya simu. Kobalti ya betri hutoka kwa wingi upande wa Kolwezi katika Lualaba, na taarifa ya Amnesty International ya Januari 2016 ilieleza watoto waliookota na kuosha mawe hayo. Wapo wanaosema kwamba mateso hayo ndiyo yanayoifanya simu iwe rahisi. Hoja hiyo inanigusa lakini hainitoshi, kwa maana jiwe lile lile limo ndani ya simu ya milioni nne. Mtu akilipa mara kumi zaidi, ziada hiyo haishuki shimoni. Inakwenda kwa wasanifu, kwa watangazaji, kwa wenye hisa. Kwa hiyo mnunuzi wa simu ghali asijione kuwa mikono yake ni safi kuliko ya jirani. Kinachoweza kupunguza deni letu kwa wachimbaji ni kukaa na simu moja muda mrefu, na hapo ndipo simu inayokufa baada ya miezi kumi inapohukumiwa vibaya: mfukoni mwa mnunuzi huenda hesabu ikakubali, lakini ardhi imechimbwa mara tano kwa kazi ya mara moja.

Sisi walimu wa Kiswahili katika nchi ambayo vitabu vya Kiswahili ni haba tuna upendeleo wetu, na ni haki tuukiri. Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, vitabu havikushuka kutoka mbinguni. Simu ndogo yenye kamusi, na sauti za watangazaji wa Dar es Salaam na Mombasa, inamfaa mwanafunzi wa Kabale kuliko hotuba zangu kumi juu ya ngeli. Simu hiyo hiyo, katika mikono ya mwanafunzi yule yule, humla usiku kucha kwa video za dansi. Sioni sababu ya kuificha nusu moja ya ukweli huo ili nusu nyingine ipendeze.

Wazazi hutuuliza kama wauze mbuzi wanunue simu. Mimi huwajibu kwa maswali: itanunuliwa taslimu au kwa deni linalofunga kioo? Ni mwaka gani mara ya mwisho watengenezaji waliirekebisha, na muuzaji anaweza kuonyesha hapo dukani? Fundi wenu anaijua? Chaji itatoka wapi? Watoto wangapi wataitumia, na nani atakuwa nayo ikifika saa tatu ya usiku? Mzazi akiweza kujibu, auze mbuzi, anunue ile ya laki tatu na nusu bila haya. Na ikiwa mbuzi mwenyewe ni mmoja tu, naye ana mimba, namshauri abaki na katochi mpaka azae.