Shamba la Mikorosho na Sindano ya Damu

Kuna swali ambalo huzungumzwa usiku, watoto wakiisha kulala, katika nyumba za Kibaha na Kisarawe zenye mgonjwa wa figo: je, baba ambaye husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma huko Muhimbili au Mloganzila aweza kukataa shamba la mikorosho lisiuzwe kwa ajili yake, naye asiwe amejiua?

Yafaa tulifahamu jambo lenyewe kwanza. Figo hazichuji uchafu tu. Hutengeneza pia homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa kufanya chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri hiyo hufifia. Mashine huondoa uchafu, lakini haiwezi kutoa amri. Ndiyo maana mgonjwa hurudi nyumbani amesafishwa, na bado hana nguvu ya kushika jembe. Mwaka 1977 Takaji Miyake wa Japani na Eugene Goldwasser wa Chicago walitangaza kwamba wameipata homoni hiyo ikiwa safi, kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa upungufu wa damu. Ilipoanza kutengenezwa viwandani, Marekani iliiruhusu kuwa dawa mwaka 1989. Basi dawa hii ghali ilianza kwa sadaka ya wagonjwa, jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana.

Huko Marekani vituo vililipwa kadiri ya dawa vilizotumia, na dozi zikapanda. Kumbe uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 na 2009 ulionyesha kwamba kuipandisha damu ya mgonjwa wa figo karibu na ya mtu mzima wa afya hakumwongezei maisha, bali huleta hatari, kiharusi kikiwamo. Mwaka 2011 malipo yakageuzwa kuwa ya jumla, na dozi zikashuka. Kule mgonjwa alizidishiwa kwa sababu ya fedha. Huku hukosa kwa sababu ya fedha hiyo hiyo.

Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaambia madaktari wa nusukaputi kwamba mtu hufungwa na wajibu wa kutumia njia za kawaida tu za kulinda uhai, yaani zile ambazo, kwa hali ya mtu, mahali na wakati, hazimtwiki yeye wala wengine mzigo mzito. Kwa hiyo baba asemaye, “Shamba libaki, wanangu wasome,” hatendi dhambi. Asihukumiwe na mtu.

Lakini wapo wanaoishia hapo, wakafurahi kimoyomoyo kwamba mzee amewafungulia. Hapo twakataa. Mgonjwa kutofungwa na wajibu si sawa na jirani kutofungwa. Mzigo ulio mzito kwa mtu mmoja waweza kuwa mwepesi ukibebwa na elfu, na ukiisha kuwa mwepesi, kile kilichokuwa si cha kawaida huwa cha kawaida. Ndiyo maana ya bima. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na kijana mzima wa afya anayenung’unikia mchango wake ajue anamlipia mtu fulani sindano.

Mtu atauliza: na watoto wenye malaria je? Swali ni la haki, wala hatulikwepi. Fedha hazitoshi kwa yote. Kwa hiyo ni dhuluma kuzipoteza. Daktari na apime madini ya chuma kwanza, maana pasipo chuma sindano haifanyi kazi. Kuongezewa damu huokoa, lakini kukizidi kwaweza kuufanya mwili uikatae figo ya kupandikizwa siku za usoni. Hivyo si njia ya mkato.

Na jamaa wasikate shauri nyuma ya mgongo wa mgonjwa, ama la kuuza ama la kutouza. Mzee aulizwe mwenyewe, mama na wanawe wote wakiwapo, kabla mnunuzi hajafika kuhesabu mikorosho.